Kadi Iliyowekwa Rehani

Mazungumzo baada ya habari



Karibu kila duka la kijijini lina droo ambayo mwenyewe haifungui ovyo mbele ya wateja. Humo hukaa daftari la madeni, na pengine saa au simu iliyoachwa na mtu aliyepungukiwa. Miaka hii ya karibuni droo hiyo imepata mgeni, nayo ni kadi ya benki. Mwenye kadi ameiacha hapo kwa hiari yake, au tuseme kwa hiari ya mtu mwenye njaa, na pamoja nayo ameacha tarakimu nne za siri ambazo benki ilimwonya asimtajie mtu yeyote. Mazungumzo yetu ya leo yahusu kadi hiyo, na yahusu pia wale ambao serikali imewakabidhi kazi ya kulinda haki za mwenye kadi.

Twende Kabingo, katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mbarara mpaka mwaka 2005. Ni nchi ya vilima na migomba, na malori yaliyosheheni ndizi hutoka huko kwenda Kampala. Katika wilaya hiyohiyo yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Rwanda, na ambayo leo yana wakazi zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mkulima na mkimbizi hukutana sokoni. Huyu huuza ndizi, yule huuza samaki wa ziwani au nguvu za mikono yake, na katika soko la namna hiyo Kiswahili hakikosekani.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa huko, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, mwenye watoto wanne. Zamani chakula cha msaada kilipimwa kwa mizani: mahindi, maharage, mafuta. Lakini tangu miaka ya 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likitoa fedha badala ya chakula katika makazi mengi ya Uganda. Wako waliolipwa mkononi, wako waliolipwa kwa simu, na wako waliopewa kadi ya benki. Hatusemi kwamba mageuzi hayo yalikuwa mabaya. Mtu aliyepewa fedha hununua anachokitaka, wala hahitaji kuuza nusu ya mahindi yake kwa bei ya kutupa ili apate chumvi na sabuni. Mama yetu aliipokea kadi yake kwa furaha.

Hata hivyo, yafaa tuangalie jinsi kadi hiyo ilivyomfikia. Hakuichagua benki. Hakulinganisha ada za benki hii na za benki ile, kama anavyoweza kufanya mfanyabiashara wa Mbarara mjini mwenye milango ya benki kadhaa katika barabara moja. Benki iliteuliwa kwa mkataba kati yake na shirika linalotoa fedha. Kwa hiyo, mbele ya benki, mteja mkubwa ni lile shirika. Mama ni jina katika orodha ya walipwaji. Akichukizwa na huduma hawezi kuhama. Wachumi husema kwamba ushindani humlinda mnunuzi. Kwa mtu asiyeweza kuhama ushindani haumlindi hata kidogo, na ulinzi pekee alio nao ni kanuni ya serikali na mtu wa kuisimamia.

Sasa tuone kadi ilivyoingia katika droo. Msaada wenyewe umepungua. Mwezi Aprili 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulikatwa kwa asilimia 30 kwa sababu wafadhili walitoa kidogo. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa kwa viwango vya uhitaji, wengine wakabaki na sehemu ndogo ya mgao na wengine wakakosa kabisa. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa katika orodha ya chakula. Mama yetu, tuseme, ni miongoni mwa waliobaki. Fedha zake huisha wiki ya pili. Tarehe ya malipo nayo hucheza. Mara ni mwanzo wa mwezi, mara ni katikati. Watoto hawajui kungoja tarehe.

Ndipo anapokwenda kwa mwenye duka. Mwenye duka anamjua, lakini kumjua mtu si dhamana. Anaitaka kadi. Tuseme mama anachukua unga, maharage na mafuta ambayo kwa fedha taslimu yangekuwa shilingi 40,000, na daftarini anaandikiwa 50,000. Hapana aliyetaja neno riba, lakini hiyo ni riba ya robo nzima kwa mwezi mmoja. Fedha zikiingia, mwenye duka huenda kwa wakala wa benki, hutoa zote, hukata deni lake, na humpa mama kilichobaki. Ni kiasi gani kilichobaki? Mama hana risiti wala hakuiona mashine. Huambiwa tu. Na kwa kuwa kilichobaki hakitoshi, kadi hurudi katika droo siku ileile.

Tusimfanye mwenye duka kuwa shetani. Yeye naye amekopa kwa mfanyabiashara mkubwa wa Mbarara, na amekwisha kudhulumiwa na watu waliohama usiku bila kulipa. Atakwambia kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba bila kadi ile mkononi asingethubutu kumkopesha mtu asiye na shamba wala ng'ombe. Katika siku kumi za mwisho wa mwezi, aliyewalisha watoto wale ni yeye. Kila atakayelizungumzia jambo hili akiusahau ukweli huo atakuwa amelizungumzia kutoka ofisini.

Wala jambo lenyewe si la Nakivale peke yake, wala si la wakimbizi peke yao. Nchini Uganda imejulikana kwa miaka mingi kwamba walimu na watumishi wengine wa serikali huwaachia wakopeshaji kadi zao za mishahara pamoja na namba za siri, na mwisho wa mwezi mkopeshaji hutangulia kwenye mashine kabla ya mwalimu. Huko Kenya, katika makazi ya Kalobeyei karibu na Kakuma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza jinsi wakimbizi waliopewa fedha kwa njia ya benki tangu mwaka 2019 walivyowaachia wenye maduka kadi zao kama dhamana ya madeni. Fedha iliyotolewa ili mkimbizi awe huru kuchagua duka ikamfunga kwa duka moja.

Je, sheria zasemaje? Hapa ndipo msikilizaji anapoweza kushangaa, maana sheria zipo, tena si haba. Mwezi Juni 2011 Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwongozo wa kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, uliojengwa juu ya misingi mitatu: haki, uaminifu wa huduma, na uwazi. Mwongozo huo unaitaka benki imweleze mteja ada na masharti kabla hajatia sahihi. Unaitaka impe maelezo ya mdomo katika lugha anayoifahamu iwapo Kiingereza hakimwelei. Na unaitaka ipokee malalamiko na kuyajibu ndani ya wiki mbili. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya taasisi za mikopo midogo na wakopeshaji fedha, nayo inamkataza mkopeshaji kuchukua kadi ya benki au namba ya siri ya mkopaji kuwa dhamana. Kanuni za mwaka 2017 kuhusu mawakala zinaifanya benki iwajibike kwa yale ayatendayo wakala wake katika huduma hiyo. Kisha ikaja sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020, iliyoziweka kampuni za fedha za simu chini ya leseni ya Benki Kuu na kuzilazimisha kuweka katika akaunti ya amana ya benki kiasi kilekile cha shilingi zilizomo katika simu za wateja. Haikuchukua muda umuhimu wake ukaonekana, kwa kuwa Oktoba mwaka huohuo wezi waliingilia mitambo ya kampuni iliyokuwa ikiunganisha malipo kati ya kampuni za simu na benki, na baadhi ya huduma zikasimamishwa nchini.

Basi tumchukue mama yetu tumpeleke akalalamike. Kwanza aende benki. Benki itamwuliza: nani aliyetoa namba ya siri? Akisema kweli, ataonyeshwa masharti yasemayo kwamba mteja aliyeitoa namba yake amejitakia hasara. Aende kwa wasimamizi wa wakopeshaji. Hao huwasimamia wenye leseni ya kukopesha, na mwenye duka hana leseni ya kukopesha. Anayo leseni ya kuuza unga. Aende Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo yenye dhamana ya wakimbizi. Ataambiwa kwamba mambo ya benki ni ya Benki Kuu. Ipo namba ya simu ya bure ambayo tangu mwaka 2018 mashirika ya wakimbizi yanaitumia kupokea malalamiko, na kwa hakika imewasaidia wengi. Lakini namba hiyo haiwezi kuiamuru benki ifungue vitabu vyake. Benki Kuu inacho kituo mjini Mbarara. Kufika huko kutoka Nakivale ni pikipiki, kisha teksi, na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha watoto cha siku kadhaa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika ofisi zote hizo mama huyu hayupo.

Kila ofisi katika hizo ina haki kwa upande wake. Kila mmoja amesoma sheria yake na ameisoma sawasawa. Lakini kadi ingali ndani ya droo.

Kosa liko katika namna usimamizi wenyewe ulivyozoea kufanya kazi. Msimamizi hukaa akingoja malalamiko. Mfumo wa kungoja malalamiko unafaa pale ambapo mteja anajua haki yake, anajua kusoma, ana nauli, na hamwogopi anayemshitaki. Mama aliye katika daftari la deni hawezi kumshitaki mtu atakayemhitaji tena kesho. Hata akishinda atakuwa ameshindwa, maana wiki ya tatu ya mwezi ujao hatakuwa na pa kukopa. Kwa sababu hiyo, mahali penye dhuluma kubwa kuliko zote ndipo penye malalamiko machache kuliko pote, na ripoti itakayoandikwa Kampala yaweza kusema kwamba hali ya huko ni shwari.

Si Uganda tu inayojifunza jambo hili kwa shida. Mwaka uleule wa 2011, mwezi mmoja tu baada ya mwongozo wa Kampala, Marekani nayo ilifungua ofisi ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 baada ya mabenki ya huko kuwatia watu wengi katika mikopo ya nyumba wasiyoiweza. Ofisi hiyo ilipewa wakaguzi wa kuingia ndani ya benki bila kungoja mtu alie. Kisha, Februari 2025, viongozi wapya wa ofisi hiyo waliwaamuru wafanyakazi waache kazi zao, na mgogoro ukapelekwa mahakamani. Sheria haikufutwa, ilibaki kitabuni neno kwa neno. Hapo twaona kwamba kanuni bila mkaguzi ni karatasi, iwe katika nchi tajiri au katika nchi maskini.

Na msimamizi mwenyewe naye yapasa asimamiwe. Wananchi wa magharibi mwa Uganda hawajasahau kufungwa kwa Benki ya Ushirika mwaka 1999, wala ile benki ya biashara iliyoanzia Kigezi na kufungwa mwaka 2012. Kati ya mwaka 2018 na 2019 kamati ya Bunge iliichunguza Benki Kuu juu ya namna ilivyozifunga benki saba, na kumbukumbu muhimu za mali za benki hizo, zilizopaswa kuorodheshwa siku ya kuzitwaa, hazikupatikana. Uchunguzi ule ulikuwa mchungu kwa wakubwa, lakini ulikuwa wa haki. Tangu hapo amana za mteja zinakingwa na mfuko maalumu mpaka shilingi milioni 10 iwapo benki itaanguka. Ni kinga njema. Ila yule anayenyang'anywa shilingi 10,000 kila mwezi wakati benki iko imara kabisa, mfuko huo haumhusu.

Sasa lifanyike nini? Wako watakaosema polisi wapelekwe madukani wakazikusanye kadi. Sisi hatuoni hivyo. Polisi wakiingia, kadi zitahama kutoka droo ya duka kwenda chini ya godoro, na bei ya kukopa itapanda kwa sababu ya hatari iliyoongezeka. Atakayeilipa bei hiyo ni mama. Jambo la kwanza ni tarehe. Fedha zikilipwa siku iliyotangazwa, mwezi baada ya mwezi, sehemu kubwa ya haja ya kukopa kwa dharura itapungua. Nayo tarehe ya kulipa yaweza kuandikwa katika mkataba wa benki, pamoja na adhabu kwa kuchelewesha. Ajabu ni kwamba mkopaji akichelewa siku moja hutozwa, na mlipaji akichelewa wiki mbili hutuma salamu za pole.

Jambo la pili ni lugha. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua tena kukitilia nguvu. Kwa hiyo si ombi la ajabu kutaka masharti ya kadi, ada zake na njia ya kulalamika viandikwe pia kwa Kiswahili na kubandikwa penye wakala, kwa herufi ambazo mtu aliyesimama kwenye foleni anaweza kuzisoma. Maelezo ya mdomo ni mazuri, lakini hupotea hewani, na wakala mwenye foleni ndefu huyafupisha. Hata ada zinahitaji kuelezwa. Tangu mwaka 2018 anayetoa fedha taslimu kutoka katika simu hutozwa kodi ya nusu ya asilimia, yaani shilingi 250 kwa kila 50,000, mbali na ada ya kampuni. Anayetoa kwa wakala wa benki hatozwi kodi hiyo. Ni wangapi walioambiwa tofauti hiyo siku walipoulizwa wanataka kulipwa kwa njia gani, kama waliulizwa?

Lakini jambo la tatu ndilo tunaloliona kuwa kubwa, na halihitaji sheria mpya. Kila kadi inapoingizwa katika kimashine cha wakala, benki huandika katika vitabu vyake saa, mahali na kiasi. Mwenye fedha yake mwenyewe huja kwa wakati wake. Huyu hutoa nusu, yule huacha akiba, mwingine huja kesho yake. Mwenye duka aliyebeba kadi ishirini huacha alama nyingine kabisa: kadi ishirini za watu ishirini, kwa wakala mmoja, moja baada ya nyingine katika muda mfupi, kila moja ikimalizwa mpaka shilingi ya mwisho, saa chache baada ya fedha kuingia. Alama hiyo imo katika mitambo ya benki sasa hivi. Hapana mama anayetakiwa kujitokeza kumshitaki mtu ili ionekane. Kwa kuwa wakala ni mkono wa benki, benki haiwezi kusema haikujua kilichopita katika mkono wake.

Kweli, wako watu wema wanaowachukulia wagonjwa na wazee fedha zao, na si kila anayeshika kadi ya jirani ni mnyonyaji. Ndiyo maana orodha hiyo isiwe hati ya mashitaka, bali iwe mahali pa kuanzia kuuliza. Mkaguzi wa Benki Kuu wa Mbarara aitake kwa benki inayohusika orodha ya siku moja tu ya malipo, akae nayo pamoja na ofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu anayewajua watu wa makazi, kisha waende wote wawili Nakivale siku ya malipo inayofuata, wasimame kando ya foleni ya wakala, na wahesabu ni kadi ngapi zinazotoka katika mfuko mmoja.